Jibu: siku nne Guangzhou, kutembea na kununua nguo za duka

Dada nimekuelewa, unakuja Guangzhou, China siku nne tu na unataka nguo za kuuza dukani kwako na mji uuone. Kabla hujapanda ndege weka Alipay (app ya malipo) kwenye simu uunganishe na kadi yako ya benki, huko hata muuza matunda anataka uskani, na WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti yao kwa hiyo VPN (app ya kufungua mitandao iliyozuiwa) ipakue ukiwa bado nyumbani.

Nguo nenda Shisanhang asubuhi na mapema, mi siku ya kwanza nilifika saa nane mchana nikakuta wanafunga 😅. Ni soko la jumla, kipande kimoja hawakusikilizi, bei mnaandikiana kwenye kalkuleta na ya kwanza usiikubali. Mikoba iko soko la Baiyun, mtaa wa Sanyuanli, ila zenye nembo feki achana nazo, zikikamatwa forodhani umeumia. Mzigo ukiwa mkubwa ongea na wakala wa forodha kabla hujalipa chochote.

Jioni pumzika kisiwa cha Shamian, majengo ya zamani na miti, bure. Mnara wa Canton Tower una mita 600, kwangu unapendeza zaidi ukiwa kwenye boti mtoni usiku. Chakula halali tafuta mtaa wa Xiaobei.