Kitabu kinatoka wiki ijayo, naogopa kuspoiliwa

SWALI: Dada shikamoo. Kuna mfululizo wa vitabu naufuata tangu niko shule ya msingi, sasa kile cha mwisho kinatoka baada ya siku tisa na oda nimeshaweka, ila roho iko juu juu. Kilichopita niliamka alfajiri nikashika simu kuangalia saa tu, nakuta kwenye grupu mtu karusha picha ya ukurasa, kidole gumba chake kinaonekana pale pembeni, na katikati ya ukurasa jina la yule niliyempenda kuliko wote, anazikwa. Nikasoma kitabu kizima najua anakufa, kila akicheka mimi naumia. Safari hii nifanyeje? Na rafiki yangu anasoma haraka kuliko mimi, nikimwambia asiniambie kitu si atajisikia vibaya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Usikubali mtu akwambie eti ni kitabu tu, mwandishi kakaa miaka anapanga ujue nini na ukijue saa ngapi, halafu mtu anakuja kukimwaga kwa sekunde moja, inauma kweli.

Na hofu yako ina msingi. Mwaka 2007 kitabu cha saba cha Harry Potter kilipangwa kutoka Julai 21, na ulinzi wote ule, lakini picha za kurasa zilizagaa kwenye intaneti siku kadhaa kabla. Kitabu kinachapwa, kinapakiwa, kinasafirishwa, kinalala stoo, kote huko kinapita mikononi mwa watu, kwa hiyo usisubiri siku yenyewe ndo uanze kujificha, anza leo.

Hayo magrupu yaweke kwenye akaivu, zima picha zisijidanlodi zenyewe, na seti notifikesheni zisionyeshe maneno simu ikiwa imefungwa, maana wewe ulikuwa unaangalia saa tu. Kwenye X, ile iliyokuwa Twitter, unaweza kumyuti maneno, yaani posti zenye maneno hayo zisikutokee, weka jina la kitabu, la mwandishi, la wahusika wote pamoja na vifupisho vyao na yale majina mashabiki wanayowaita, uchague siku 30. Lakini nakwambia ukweli, kumyuti kunashika maneno yaliyoandikwa kwenye posti, ukurasa uliopigwa picha unapita, na ndicho kilichokupata. Kwa hiyo siku tatu za mwisho bora utoke kabisa. Usisome komenti popote, hata chini ya video isiyohusika, kuna watu wanazitupa spoila huko makusudi. Na usigugo jina la mhusika, utaandika herufi nne tu sehemu ya kutafutia ikumalizie yenyewe "anakufa".

Rafiki yako mwambie sasa hivi, wakati wote wawili hamjui kitu, hapo hawezi kujisikia vibaya. Mweleze kabisa kwamba hata "we subiri ufike sura ya ishirini" au "utalia" ni spoila, watu wengi hawalijui hilo, wanadhani hawajasema kitu. Ila usimfungie mdomo tu, mtu akimaliza kitabu kizuri anatamani kuongea mpaka anawashwa. Mwambie arekodi voisi kila akimaliza sura, asikutumie, akae nazo. Wewe ukimaliza sura unamwandikia namba ya hiyo sura, ndo anakutumia ya sura hiyo.