Bosi kanipunguzia saa baada ya kumkataa: kampuni inawajibika?

SWALI: Habari wakili. Nafanya kazi ghalani huku Marekani, tuko zaidi ya 100. Msimamizi wangu amekuwa akinitongoza na kunishikashika. Nilipomkatalia, saa zangu zilishuka kutoka 40 hadi 22 kwa wiki. Kampuni inasema haikujua lolote, hivyo haihusiki. Ni kweli?

JIBU: Pole sana, dada. Si kweli. Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Mwaka 1998, katika kesi za Faragher na Ellerth, Mahakama ya Juu iliamua kwamba msimamizi akitumia madaraka yake kukufukuza, kukushusha cheo au kukupunguzia kipato kwa kiasi kikubwa, kampuni inawajibika, iwe ilijua au haikujua. Umepoteza saa 18, karibu nusu ya mshahara. Kazia hapo. Tafuta ratiba na hati za malipo za kabla na baada, kwa sababu ni lazima uonyeshe kuwa saa zilikatwa kwa sababu ulimkataa, na tarehe zikifuatana kwa karibu zinasaidia sana.

Ingekuwa maneno na kushikwa tu, kampuni ingeweza kujinasua kwa kuthibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ilichukua hatua za maana kuzuia na kukomesha unyanyasaji, na kwamba wewe, bila sababu ya msingi, hukutumia njia ya malalamiko iliyokuwepo. Ndiyo maana nakushauri ulalamike sasa, kwa baruapepe, kwa mtu mwingine aliyetajwa kwenye sera, na ubaki na nakala nje ya kompyuta ya kazini. Malalamiko ya mdomo hukanwa kirahisi.

Tegemea ubishi mmoja: "huyo si msimamizi." Tangu kesi ya Vance (2013), msimamizi ni yule aliyepewa uwezo wa kuchukua hatua kama hizo dhidi yako. Kiongozi wa zamu anayegawa kazi tu huhesabiwa mfanyakazi mwenzako, na hapo sasa utalazimika kuonyesha kwamba kampuni ilijua, au ilipaswa kujua, ikazembea. Lakini kama meneja hupitisha tu mapendekezo yake bila kuyachunguza, dai kwamba uamuzi kwa kweli ni wake.

Mwisho wa kufungua shauri EEOC, tume ya usawa katika ajira, ni siku 180, au 300 palipo na chombo cha jimbo kinachosimamia sheria ya aina hiyo. Kulalamika ndani ya kampuni hakusimamishi siku hizo.