Jibu: Watoto wa skuli na baiskeli barabarani

Ndugu yangu, umeuliza muanzie wapi ili watoto wanaokwenda skuli kwa baiskeli hapo kwenu Wete, Pemba, wasiwe roho juu kila gari ikipita. Mimi ningeanza na ukingo wa barabara. Msimu wa karafuu majamvi huanikwa mpaka juu ya lami. Mtoto akiyakwepa anaingia katikati, na dereva anayetokea konani hamuoni kwa vichaka. Kaeni na sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani, wenye karafuu waombwe waanike uwanjani, na vijana wafyeke kona zote. Hayo hayangoji bajeti ya mtu.

Matuta karibu na skuli ni ombi la maandishi, lipitie kwa sheha. Ombeni yaachiwe mwanya mdogo pembeni, baiskeli ipite bila kurushwa na maji yasituame.

Watoto nao wakae kushoto, wafuate mwendo wa magari, wasiyakabili kama waendao kwa miguu. Breki zipitiwe na fundi, na riflekta nyuma isikosekane.

Halafu wasichana. Wakipanda baiskeli huzomewa, wengine huacha kabisa. Wazee wakemee hilo wazi, barazani na hata msikitini baada ya sala. Kwangu mimi hili ni zito kuliko matuta.