Aliyelala Usimwamshe: Ushauri kwa Wapandaji wa Maua Adimu ya Matunguu

Tunguu langu la kwanza la thamani, yaani shina nene la chini ya ardhi kama kitunguu ambalo ua huchipukia, nililiua kwa maji. Lilikuwa Nerine sarniensis, ua jekundu ambalo petali zake zikipigwa na jua humetameta kama zimenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Lilichanua, likatoa majani, na baada ya miezi kadhaa majani yakaanza kunyauka kuanzia nchani. Nikadhani lina kiu. Nikaongeza maji. Majani yalivyozidi kuwa manjano ndivyo nilivyozidi kumwagilia, asubuhi na jioni. Siku nilipolifukua, kidole gumba kilizama kwenye kitako chake kama kwenye tunda bovu, na harufu ya uchachu ikanipanda puani.

Kumbe lilikuwa linajiandaa kulala, nami nikawa namwagia maji aliyejifunika shuka.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu maua haya wanaanza na mbolea, dawa au aina ya chungu. Mimi huwajibu kwa swali: tunguu lako hulala lini? Asiyejua jibu hilo asinunue kwanza.

Tunguu ni ghala. Ukilikata katikati utaona maganda manene yaliyopangana kama ya kitunguu cha kawaida. Hayo ni vitako vya majani vilivyojaa akiba ya maji na chakula. Mmea huweka akiba kwa sababu kwao kuna miezi migumu, ama ya ukame ama ya baridi kali, na miezi hiyo huipitisha chini ya ardhi. Ukiuhamisha ukauweka bustanini kwako, kalenda ya kwao unakuja nayo. Nerine sarniensis, kwa mfano, asili yake ni milima ya Rasi ya Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na jua la kiangazi hukausha kila kitu. Kwa hiyo huchanua mwishoni mwa joto, hukaa na majani wakati wa baridi, kisha hulala joto lote. Scadoxus multiflorus, tunguu la Afrika lenye ua jekundu la mviringo, ni kinyume chake: hunywa mvua za joto na kulala wakati wa ukame. Ukiyaweka mawili hayo kwenye tuta moja na kuyamwagilia kwa ratiba moja, mojawapo lazima utalizika.

Kwa hiyo mimi hupanga vyungu kwa majira ya kulala. Wanaolala pamoja wanakaa pamoja, mahali pakavu pasipofikiwa na mvua, na kila chungu kina lebo yenye jina na mwezi niliosimamisha maji. Lebo hizo ziandike kwa penseli. Wino hufutika na jua kabla tunguu halijaamka.

Scadoxus ndilo ninalompa kila anayeanza. Hukua porini katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, hadi Yemen ng'ambo ya bahari, na halidekezwi. La kwangu lilipolala mara ya kwanza, chungu kilikaa kikavu miezi mingi. Nilikuwa nimeshalikatia tamaa, nimekibeba chungu kwenda kumwaga udongo wake, nikaona juu ya udongo ncha iliyochongoka kama brashi mpya ya rangi. Nikakirudisha taratibu. Siku zilizofuata kikonyo kilipanda, kitako chake kimevikwa magamba yenye madoadoa ya zambarau kama ngozi ya nyoka, na juu yake ncha ile ikafunguka ikawa mpira mwekundu. Ukiutazama kwa karibu utaona si ua moja: ni vijiua vyembamba, pengine hata 200, kila kimoja kikisukuma nyuzi zake nje na vichwa vya manjano vya chavua. Majani yakafuata nyuma ya ua. Tangu siku hiyo sijawahi kumwaga chungu bila kupapasa kwanza: tunguu gumu liko hai, hata kama juu hakuna kitu.

Na usilifukue kila mwaka kulitazama. Mengi ya matunguu haya yana mizizi minene ambayo haifi wakati wa kulala. Ukiikata, tunguu litatumia msimu mzima kuponya majeraha badala ya kuchanua. Mimi huyabana kwenye chungu kinachozidi upana wa tunguu kwa vidole viwili au vitatu tu, na humo hukaa miaka hadi yenyewe yapasue nafasi.

Kuhusu udongo sina mengi. Nachanganya sehemu mbili za udongo wa bustani, mbili za kokoto ndogo au mchanga wa chembe kubwa, na moja ya mboji iliyooza sawasawa. Samadi mbichi usiikaribishe kabisa. Mwaga maji juu ya chungu kilichojaa: yakituama wakati wewe unahesabu hadi kumi, ongeza kokoto.

Kina cha kupanda kinahitaji maneno zaidi, maana kanuni inayosemwa na wengi, kwamba tunguu lifukiwe mara mbili au tatu ya urefu wake, inafaa maua ya kawaida na kuwaharibu wengi wa hawa adimu. Nerine hutaka shingo nje. Scadoxus shingo iwe usawa wa udongo. Boophone disticha hukaa nusu ya mwili juu, limevaa maganda makavu kama karatasi kuukuu. Fritillaria imperialis, linalotoka nchi za baridi za Asia, lina tundu juu pale shina la mwaka jana lilipokuwa. Mimi hulipanda limeegemea ubavu ili maji yasiingie tunduni, tena kwa kina kirefu. Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe, kwa kweli ni kiazi, si tunguu, na mara nyingi kina umbo la V. Huchipua nchani tu. Ncha ikivunjika mkononi mwako umekipoteza, kwa hiyo kibebe kama yai na ukilaze, usikisimamishe. Weka na kitu cha kukwea, kwa kuwa ncha za majani yake hujisokota na kushika kila kilicho karibu.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili ni la uhai. Gloriosa ina kolichisini, sumu inayoua. Nerine, Scadoxus, Boophone na Crinum, tunguu jingine la jamaa zao, nayo yana sumu, na Boophone imewahi kutumika kupaka mishale. Tunguu lililolala, bila jani wala ua, halina tofauti kubwa na kitunguu cha jikoni. Usilihifadhi jikoni, usiliweke mezani hata kwa dakika moja, na kama una watoto au mbuzi, zungushia uzio.

Wapo wanaotaka tulipu. Ua hilo linahitaji baridi ya wiki 12 hadi 16, chini ya nyuzi 9 za selsiasi, ndipo likumbuke kuchanua. Kama unakoishi baridi hiyo haipo, itabidi utumie friji, na matunda yanayoiva yasiwemo humo, kwa sababu gesi yake huua kichipukizi cha ua ndani ya tunguu. Mimi nimejaribu misimu miwili nikaacha. Nafasi hiyo nimewapa wanaolala kwa ukame. Kila kiumbe na kinachomwamsha. Cyrtanthus ventricosus huamshwa na moshi: nyika ikiungua, maua yake mekundu hutokea kwenye majivu siku chache baadaye.

Sasa kuhusu kununua. Tecophilaea cyanocrocus, ua la buluu safi kutoka Chile, lilichimbwa na kukanyagwa na mifugo hadi likadhaniwa limetoweka porini. Mwaka 2001 likapatikana tena karibu na Santiago, lakini kwa miongo mingi lilikuwa limebaki kwenye bustani za watu tu. Sisi tunaopenda vilivyo adimu ndio tunaoweza kuvimaliza, na hilo linanikera kuliko tunguu lolote lililooza. Muulize muuzaji alilipataje. Matunguu ya kitalu hufanana ukubwa na mizizi yake ni safi. Yaliyochimbwa porini huja na ukubwa mchanganyiko, makovu ya jembe na mizizi iliyochanika. Ukiyaona hayo, yaache.

Mbegu ndiyo njia ninayoipenda zaidi, ingawa inataka subira. Mbegu za Crinum ni nene na zina maji yake zenyewe. Niliwahi kusahau mbili juu ya rafu, nikakuta zimetoa mzizi bila udongo wala tone la maji. Za Boophone nazo hazitunziki, zipande mara tu zinapokomaa. Za kwangu nilizilaza juu ya mchanga bila kuzifunika. Iliyosalia sasa ina mwaka wa saba. Majani yake yamejipanga kama feni, kingo zimejikunja mawimbi, na tunguu lenyewe limefikia unene wa ngumi ya mtoto. Halijachanua bado. Wiki iliyopita jani la mwisho limekauka, nimeandika mwezi kwenye lebo na kukisogeza chungu pakavu.