Kanisani nakaa karibu na mlango

Mwanangu muuguzi, nina miaka 68, niko Kongwa. Nikikohoa tu, mkojo unanitoka. Basi la Dodoma mjini kumwona mjukuu nimeliacha. Kanisani nakaa karibu na mlango. Maji sinywi hadi jioni. Ndiyo uzee?

Shikamoo mama. Si uzee tu, wala si aibu; nimeumia kusoma habari ya mjukuu. Maji unywe, tafadhali: mkojo mzito huwasha kibofu, ukazidi kukukimbiza. Kaza misuli unayobania mkojo, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni, hata ukiwa unapeta mtama. Vumilia zoezi hili miezi 3. Zahanati wakupime mkojo na sukari, waone na dawa zako kama unatumia za presha. Baadhi huongeza mkojo. Usiziache mwenyewe. Ukiona damu, nenda siku hiyohiyo.