Usichapishe nakala 500: hela ya mnunuzi iingie kwanza

Mkuu, simamisha hiyo kazi leo hii. Umeandika kwamba kamati yenu ya Mikumi imepata mchoro wa twiga kutoka kwa kijana wa hapo hapo, mnataka kuchapisha nakala 500 za A2 muwauzie watalii ili faida ijenge jengo la jamii, na mchapaji wa Dar anataka advansi ya nusu ifikapo Ijumaa. Halafu ukauliza karatasi ipi nzuri, bei iwe ngapi, kama mnahitaji kibali, na namna ya kuuza mtandaoni. Mimi nilipofika kwenye hiyo 500 nikaacha kila kitu nikaanza kukuandikia.

Usichapishe. Usichapishe hata nakala moja ya kuuza kabla mwenye kuinunua hajailipia. Wadau watakaokuja hapa na habari za aina za karatasi wana nia njema, lakini karatasi haitawaokoa.

Sisi tuko Mto wa Mbu, barabara ya kwenda Ngorongoro. Magari ya watalii yanapita mlangoni kwetu kuanzia alfajiri. Nilikuwa mhazini wa kamati ya ukumbi, kwa hiyo kila shilingi ninayoitaja hapa ilipita mkononi mwangu. Kuta zilikuwa zimeshafika kwenye lenta kwa nguvu za wananchi: kila kaya ilichanga, akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wakatoa kwenye mfuko wao wa jamii, wazee wengine wakaleta mbuzi. Tulikuwa na kama milioni 6 mkononi, hela ya kuanzia paa. Kilichobaki ni mbao na bati.

Hapo ndipo akaja mshauri. Simtaji jina, yeye anajijua. Alikuja na laptopu na projekta, akatukusanya kwenye darasa la shule ya msingi, akatuambia msinunue bati sasa, hii hela izalisheni kwanza. Tulikuwa na mchoro mzuri sana wa simba wamelala juu ya mgunga, maana simba wa Manyara wanajulikana kwa kupanda miti. Kijana aliuchora kwa mtindo wa Tingatinga, rangi za mafuta juu ya hadibodi, kama alivyoanzisha marehemu Edward Saidi Tingatinga pale Dar mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli. Mshauri akasema mchoro huu ni mgodi.

Akatuonyesha habari ya David Shepherd, mchoraji wa Uingereza aliyechora simbamarara mwaka 1973, nakala za picha ile zikaingiza pauni zaidi ya 127,000 kwa ajili ya kuwaokoa simbamarara wa India. Habari ni ya kweli kabisa. Ila aliyetusimulia alikata kipande kimoja: Shepherd wakati huo alikuwa ameshachora ndovu na vifaru wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka kumi, jina lake linajulikana, wanunuzi wake wanasubiri. Wateja walikuwepo kabla ya wino. Sisi wateja wetu walikuwa kwenye projekta.

Sasa hesabu iliyotumaliza, na ninaona ndiyo hiyo hiyo mchapaji wako amekuandikia. Mshauri alisema ukichapa nakala 100 kila moja inatoka 30,000. Ukichapa 500, kila moja inatoka 12,000. Ukiangalia haraka unaona anayechapa 100 hana akili. Na bei hiyo haikuwa uongo, ndivyo mashine ya ofseti inavyofanya kazi: bamba za rangi nne zinatengenezwa mara moja, mashine inatengwa mara moja, karatasi kadhaa zinaharibika mpaka rangi zikae sawa, na gharama hiyo yote unailipa hata ukichapa kumi. Kadiri unavyochapa nyingi inagawanyika. Mchapaji anafurahi, mashine yake inazunguka.

Lakini nakala ambayo haijauzwa inalipiwa na ile iliyouzwa. Tulilipa milioni 6 kwa nakala 500. Zikauzwa kama sitini hivi, kwa 40,000 kila moja. Gawanya mwenyewe: milioni 6 kwa 60 ni laki moja kila nakala. Tulikuwa tunauza kwa 40,000 kitu kilichotugharimu 100,000, tena tunashangilia kila kinapotoka. Na wakati huo mfuko wa saruji unauchukua kwa 17,000. Milioni 6 ni zaidi ya mifuko 350, mkuu. Ipange hiyo mifuko akilini mwako kabla hujatuma advansi.

Kwa nini hazikutoka? Hili nalo hakuna aliyetuambia, ingawa mtoto yeyote wa pale barabarani angetuambia bure. Mtalii akishuka Mto wa Mbu anakuta vibanda vya picha mstari mzima. Pale anapata mchoro uliopakwa kwa mkono, rangi bado inanukia, kwenye kitambaa kinachokunjwa, na aliyeuchora amekaa pembeni anachora mwingine. Bei wanapatana. Sasa wewe unamletea karatasi iliyotoka mashinani, kwa bei ile ile au inayokaribia. Aichukue kwa sababu gani? Halafu A2 ni sentimita 42 kwa 59. Wengine wanaondoka kwa ndege ndogo zinazoruhusu kilo 15 na mabegi laini tu. Nimemwona mama mmoja mtu mzima, ameipenda picha kwelikweli, ameishika, ameizungusha, amejaribu kuiweka juu ya begi lake, kisha akairudisha mezani taratibu na kuacha mchango wa dola 10. Alitaka kutusaidia. Tulichomletea ndicho hakikubebeka.

Rangi nayo ni msiba wake. Rangi ya mafuta ya Tingatinga inawaka. Lile anga la jioni nyuma ya simba wetu lilikuwa chungwa la kung'aa, ukilitazama unasikia joto. Wino nne za ofseti haziwezi kulifikia chungwa la namna ile. Sisi tulionyeshwa picha kwenye skrini ya laptopu, na skrini inatoa mwanga, kila kitu kinapendeza. Maboksi yalipofunguliwa anga lilikuwa limegeuka rangi ya tope. Kijana mchoraji aliitazama ile nakala ya kwanza, akaigeuza upande wa pili kana kwamba labda picha yake iko huko, akanirudishia bila kusema neno. Mimi ile siku siisahau. Yule mshauri alipopigiwa simu akasema watalii hawatajua tofauti.

Kisha ikaja masika. Maboksi tuliyaweka stoo ya mzee mmoja mwenye nyumba nzuri ya bati, hayakunyeshewa hata tone. Lakini karatasi ile ilikuwa ya kung'aa, gramu 150, na karatasi ya kung'aa ina mpako juu yake. Unyevunyevu wa hewa peke yake unatosha. Tulipofungua zilikuwa zimeshikana kama tofali. Ukizitenganisha kwa nguvu, uso wa simba unabanduka na kubaki mgongoni mwa karatasi ya juu yake, na chini inabaki doa jeupe lenye masharubu. Nakala nzima zilizopona tukazitoa zikiwa na mawimbi kama bati.

Na si karatasi tu zilizoharibika. Tulikuwa tumetangaza kwamba ni nakala 500 basi, hazitachapwa tena, na kijana alikaa akazisaini zote kwa penseli na kuzipa nambari, 1/500 hadi 500/500. Kwenye biashara hii nambari ni ahadi. Aliyenunua nambari 12 amenunua akijua ziko 500 duniani. Huwezi kuchapa nyingine kufidia zilizooza bila kumdanganya mtu uliyeshika hela yake. Kwa hiyo mchoro ule wa simba tukawa tumeufunga wenyewe kwa mkono wetu, huku nambari nyingi zimeozea stoo.

Yule mshauri? Asilimia 10 yake alikata siku tuliyolipa uchapaji, hakungoja mauzo. Baadaye tukaja kujua kwamba na kule kwa mchapaji alikuwa na chake. Mtu anayelipwa kwa wingi wa karatasi atakushauri wingi wa karatasi, siku zote. Ametuachia kuta hazina paa, akina mama wa VICOBA wanapita pale kila asubuhi wakienda sokoni, wanaziona. Nina hasira naye mpaka leo na sioni sababu ya kuificha. Na wewe mkuu, kama kuna anayewashauri, muulize swali moja tu: analipwa lini, siku ya kuchapa au siku ya kuuza?

Basi sikiliza tulivyofanya baadaye, maana ukumbi sasa una paa, na limetokana na picha hizi hizi za wanyama.

Kijana alitupa mchoro mwingine, wa tembo. Safari hii tuliandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu kununua mchoro au kupewa hakukupi haki ya kuuchapisha. Haki ile inabaki kwa mchoraji chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na akitaka anaisajili kazi yake COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tukakubaliana sehemu yake kwa kila nakala inayouzwa. Fanyeni hivyo na huyo kijana wa twiga, msiufanye mchango wake uwe wa lazima.

Tukachapa nakala moja. Moja, ya mfano. Haikuchapwa kwa ofseti. Tulipata printa ya wino wa pigimenti Arusha, inayochapa moja moja kutoka kwenye faili, na bei ya moja ni ile ile uchape moja au hamsini. Ilikuwa 35,000 kwa A3 kwenye karatasi nene ya pamba isiyong'aa. Ndiyo, ni karibu mara tatu ya ile 12,000 ya mshauri. Na ndiyo iliyotupatia faida.

Nakala ile tukaiweka kwenye fremu, tukaomba loji moja itutundikie mapokezi. Pembeni yake tukaweka picha ya ukumbi wetu ulivyo, kuta tupu, nyasi zimeota ndani, na daftari la oda. Mgeni anaandika jina, analipa pale pale, hela inaingia akaunti ya kamati yenye watia saini watatu, anapewa risiti. Nambari ya nakala inaandikwa siku malipo yanapoingia, kwa hiyo hakuna nambari inayolala stoo. Tulikusanya oda, tukazituma Arusha kwa pamoja, dereva wa loji akazichukua, na nakala ikamkuta mgeni kabla hajaondoka au ikamfuata kwa posta. A3 ikibanwa katikati ya vipande viwili vya kadibodi inaingia kwenye begi.

Tuliuza kwa 90,000. Wageni hawakuuliza kwa nini ni ghali kuliko vibandani, kwa sababu pale mapokezi hawakuwa wananunua karatasi, walikuwa wananunua kipande cha paa, na jina lao linaandikwa ukutani ukumbi ukiisha. Ukitoa uchapaji zinabaki 55,000 kabla ya fungu la mchoraji, na lake tulililipa kila mwisho wa mwezi. Bati la geji 28 kwetu lilikuwa kama 30,000. Nakala mbili zikitoka, una bati tatu mkononi hata baada ya mchoraji kupata haki yake. Mzee wa stoo alikuwa anakuja kila Jumamosi kuniuliza, "Mhazini, tembo kaleta ngapi?" Tukawa tunaandika jibu kwa chaki mlangoni.

Faili lenyewe litayarishe vizuri sasa, hilo halina gharama ya kutisha. Usipige kwa simu. Simu ya megapikseli 12 inakupa nukta 4,000 kwa 3,000, wakati A2 kwa nukta 300 kwa inchi inataka karibu 7,000 kwa 5,000. Mtafute mpiga picha mwenye kamera nzuri, apige kivulini bila flashi, maana rangi ya mafuta inarudisha mwanga na utapata doa jeupe katikati ya shingo ya twiga. Na utakapopewa nakala ya mfano, itoe nje juani, iweke ubavuni mwa mchoro wenyewe, kijana awe wa kwanza kuipitisha.

Kama advansi hujalipa, mpigie mchapaji kesho asubuhi umwambie kazi imesimama. Kama umeshalipa, usikubali mashine iwashwe: mwombe hela hiyo aigeuze iwe ya kuchapa kidogo kidogo kwa printa ya digitali, kila mara kwa idadi ya oda zilizolipiwa. Akikataa, bora kugombana naye juu ya advansi kuliko kupokea hayo maboksi. Nitumie picha ya twiga hapa hapa kwenye uzi tuione, na useme ni loji gani ziko karibu nanyi, kuna madereva wa huku ninaowafahamu wanaopita Mikumi.