Chakula cha bei nafuu Olomouc, Jamhuri ya Cheki
Kula mchana, si jioni. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia kama saa 5 hadi saa 8 mchana, migahawa mingi huuza polední menu: mara nyingi supu na mlo mmoja, kwa bei ya chini kuliko menyu ya kawaida. Wahi kabla ya saa 7, maana hupikwa kwa mkupuo na kikiisha kimeisha. Kama huli nguruwe, epuka vepřové na sádlo (mafuta yake). Hovězí ni ng'ombe, kuřecí kuku. Namba kando ya chakula ni za mzio tu (1 ngano na nafaka zenye gluteni, 3 mayai, 7 maziwa). Nguruwe hayumo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo muulize mhudumu, hata kuhusu supu.